Gregor Mendel: Mtu Aliyehesabu Njegere

Bila shaka umewahi kuona mtoto anayefanana na bibi yake kuliko anavyofanana na mama yake. Labda umewahi pia kuona kondoo weupe wawili wakizaa mwana-kondoo mweusi. Watu husema damu ya ukoo imerudi. Lakini je, damu hiyo ilikuwa imejificha wapi? Ilipitaje kwa wazazi bila kuonekana, kisha ikatokea kwa mtoto?

Swali hili ni la zamani. Wakulima na wafugaji wa nchi nyingi walijiuliza wasipate jibu. Mtu aliyelipata jibu alikuwa mtoto wa mkulima maskini. Jina lake ni Gregor Mendel. Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na bustani ndogo, mbegu za njegere, kalamu na karatasi. Soma habari za maisha yake, nawe utaona kazi ya mtu mvumilivu.

1. MTOTO WA MKULIMA

Mendel alizaliwa mwezi Julai mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf. Wakati ule kijiji hicho kilikuwa katika Dola ya Austria. Leo kiko katika nchi ya Cheki. Wazazi wake walimwita Johann. Baba yake aliitwa Anton na mama yake aliitwa Rosine. Johann alikuwa na dada mkubwa, Veronika, na mdogo wake wa kike, Theresia.

Baba yake alikuwa na shamba dogo. Lakini siku tatu za kila juma ilimbidi kufanya kazi bila malipo kwa bwana mwenye ardhi. Siku zilizobaki alilima shamba lake na kutunza miti ya matunda. Johann alimfuata baba yake shambani. Huko alijifunza kubebesha miti, yaani kuunga tawi la mti mzuri kwenye shina la mti mwingine. Shuleni kijijini watoto walifundishwa pia kutunza matunda na kufuga nyuki.

Johann alikuwa na akili nyepesi. Mwaka 1834 alikwenda kusoma shule ya sekondari katika mji wa Troppau. Wazazi wake hawakuweza kulipia chakula chote. Walilipia nusu tu, na mara nyingi kijana alikaa na njaa. Mwaka 1838 baba yake aliumizwa na gogo la mti, na tangu hapo hakuweza tena kufanya kazi nzito. Johann, akiwa na miaka 16, akaanza kujitafutia fedha kwa kuwafundisha wanafunzi wenzake. Aliugua mara kwa mara kwa sababu ya shida na wasiwasi.

Hapo mdogo wake Theresia alimsaidia. Katika desturi za kwao, msichana hutengewa mali ya kwenda nayo kwenye ndoa. Theresia alitoa sehemu ya mali yake ili kaka yake aendelee kusoma. Mendel hakusahau wema huo. Miaka mingi baadaye aliwasomesha wana watatu wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari.

2. MWALIMU ALIYESHINDWA MTIHANI

Mwaka 1843 Johann aliingia katika nyumba ya watawa Wakatoliki katika mji wa Brünn, ambao leo unaitwa Brno. Huko alipewa jina jipya la Gregor. Nyumba ile ilikuwa na maktaba kubwa na bustani nzuri. Mkuu wake, Abate Cyril Napp, alipenda sana elimu ya kilimo.

Mwaka 1847 Mendel akawa padri. Alipewa kazi ya kuwatembelea wagonjwa. Lakini kila alipowaona watu katika maumivu, yeye mwenyewe aliugua. Abate Napp aliliona jambo hilo, na mwaka 1849 akampeleka kufundisha shule. Kazi hiyo aliiweza, na wanafunzi walimpenda.

Ili awe mwalimu kamili, ilimbidi afanye mtihani wa serikali. Alifanya mtihani huo mwaka 1850, akashindwa. Alikuwa na umri wa miaka 28. Badala ya kukata tamaa alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia mwaka 1851 hadi mwaka 1853. Alisoma hesabu, fizikia na elimu ya mimea. Mwaka 1856 alijaribu mtihani tena. Mara ya pili pia hakufaulu. Basi akabaki mwalimu msaidizi kwa miaka yote aliyofundisha.

Ndugu msomaji, wewe uliyeanza kusoma ukiwa mtu mzima unajua uzito wa jambo hilo. Mtu akishindwa mbele ya watu huona haya. Lakini mwaka huohuo wa 1856 Mendel alianza kazi ambayo baadaye ilimfanya ajulikane duniani kote.

3. KAZI YA BUSTANINI

Mendel alitaka kujua jinsi tabia za wazazi zinavyowafikia watoto. Alichagua njegere. Kwa nini njegere? Kwanza, hukua upesi na huzaa mbegu nyingi. Pili, zina aina mbalimbali zinazotambulika kwa macho. Nyingine zina maua ya zambarau, nyingine meupe. Nyingine mbegu zake ni za mviringo, nyingine zimekunjamana. Tatu, ua la njegere hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Kwa hiyo mtu anaweza kujua kwa hakika wazazi wa kila mbegu.

Bustani yake ilikuwa na urefu wa kiasi cha mita 35 na upana wa mita 7. Kwanza alikusanya aina 34 za njegere, akazijaribu kwa miaka miwili. Alitaka aina ambazo kila mwaka zinazaa watoto wanaofanana na wazazi. Mwishowe alichagua aina 22.

Kisha akaanza kuzichanganya. Alifungua ua changa, akaondoa sehemu za kiume kabla hazijakomaa. Alichukua chavua, yaani unga wa ua, kutoka kwenye mmea mwingine, akaipaka juu ya ua lile. Kisha akalifunika kwa mfuko mdogo ili wadudu wasilete chavua nyingine. Alifanya hivyo ua baada ya ua, mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo ilichukua miaka minane, na mimea aliyoipanda ilikuwa maelfu kwa maelfu.

Tazama alichokiona. Alichanganya njegere ya maua ya zambarau na njegere ya maua meupe. Watoto wote walitoa maua ya zambarau. Rangi nyeupe haikuonekana kabisa. Je, ilikuwa imekufa?

Mtu mwingine angeacha hapo. Mendel alipanda tena mbegu za watoto hao, akawaacha wajichavushe wenyewe. Safari hii alipata mimea 929. Kati yake, 705 ilikuwa na maua ya zambarau, na 224 ilikuwa na maua meupe. Rangi nyeupe ilikuwa imerudi! Alipogawanya hesabu aliona kuwa kwa kila mmea mmoja mweupe kulikuwa na kiasi cha mimea mitatu ya zambarau.

Alijaribu na mbegu pia. Alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana. Alipata mbegu 6,022 za njano na 2,001 za kijani. Kila mara ilikuwa karibu tatu kwa moja. Yote aliyaandika.

4. JIBU LA MENDEL

Mendel alieleza hivi. Kila mmea una mambo mawili ya urithi kwa kila tabia. Moja linatoka kwa baba na moja kwa mama. Mengine hutawala na mengine hujificha. Katika njegere, zambarau hutawala na nyeupe hujificha. Lakini kujificha si kupotea.

Wewe mwenyewe unaweza kulijaribu jambo hili. Chukua vikombe viwili. Tia katika kila kikombe kokoto moja nyeusi na kokoto moja nyeupe, zenye ukubwa sawa. Kikombe kimoja ni baba na kingine ni mama. Bila kutazama, toa kokoto moja katika kila kikombe. Andika ulichopata, kisha zirudishe. Fanya hivyo mara 40. Ukipata hata kokoto moja nyeusi, hesabu kuwa mtoto ni wa zambarau. Ukipata nyeupe mbili, mtoto ni mweupe. Utaona kuwa weupe ni kiasi cha mara 10 kati ya 40, yaani mmoja kwa kila watatu wa zambarau.

Basi ukiona ua la zambarau, huwezi kujua kwa macho kama ndani yake kuna nyeupe iliyojificha. Mendel alipaswa kupanda mbegu zake na kungoja. Alichukua mimea 100 ya namna hiyo, akapanda mbegu 10 za kila mmoja. Mimea 36 ilizaa watoto wa rangi ya mzazi peke yake. Mimea 64 ilizaa watoto waliochanganyika. Hao 64 ndio waliokuwa na nyeupe iliyojificha. Ili kujua hilo alilima na kungoja msimu mwingine mzima.

Alichanganya pia maharage ya maua mekundu na maharage ya maua meupe. Hapa mambo yalikuwa tofauti. Wajukuu walitoa maua ya rangi nyingi, kuanzia nyekundu iliyoiva hadi zambarau hafifu. Kati ya mimea 31 iliyochanua, mmoja tu ulikuwa mweupe. Mendel aliona kuwa huenda rangi hiyo inatokana na mambo mawili au zaidi yanayofanya kazi pamoja. Kama ni mawili, nyeupe tupu hutokea mara moja katika mara 16. Alisema maua ya mapambo yenye rangi nyingi bustanini nayo yanafuata sheria hiyohiyo.

5. HAKUNA ALIYEMWELEWA

Mwezi Februari na mwezi Machi mwaka 1865 Mendel alieleza kazi yake mbele ya chama cha wapenda elimu ya viumbe cha mji wa Brünn. Watu walimsikiliza, lakini hawakuona maana ya hesabu zile. Wakati ule watu hawakuwa wamezoea kuchanganya hesabu na mimea. Mwaka 1866 kazi yake ilichapishwa katika jarida la chama hicho. Mendel aliagiza nakala 40 zaidi, akawapelekea baadhi ya wataalamu.

Mmoja wao alikuwa Carl Nägeli, mtaalamu mashuhuri wa mji wa München. Nägeli hakuridhika. Alimvuta Mendel achunguze mmea mwingine, uitwao Hieracium. Mmea huo una maua madogo sana, na kuyafungua kuliyachosha mno macho ya Mendel. Tena haukufuata sheria yake. Baadaye ilijulikana kwa nini. Mara nyingi mmea huo hutoa mbegu bila kuchavushwa, kwa hiyo watoto hufanana na mama peke yake. Lakini Mendel hakulijua jambo hilo.

Mwaka 1868 watawa wenzake walimchagua kuwa abate. Tangu hapo alikuwa na kazi nyingi za ofisi. Mwaka 1874 serikali ilitoa sheria ya kutoza nyumba za watawa kodi mpya. Mendel aliona si haki, akakataa kulipa hadi mwisho wa maisha yake. Ugomvi huo ulimchosha na kumtenga na marafiki.

Alifariki tarehe 6 Januari 1884 akiwa na umri wa miaka 61. Watu wa mji walimlilia kama padri na kama rafiki wa maskini. Hawakujua kwamba wanamzika mtaalamu mkubwa. Baada ya kifo chake karatasi zake nyingi zilichomwa moto.

Lakini maandishi yaliyochapishwa mwaka 1866 hayakuungua. Yalikaa kimya katika maktaba kwa miaka 34. Mwaka 1900 wataalamu watatu wa nchi mbalimbali, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, waliyataja katika kazi zao. Waliona kuwa mwalimu wa Brünn alikwisha kupata jibu zamani. Kuanzia hapo jina la Mendel likaenea.

6. ALAMA ZA DNA

Huenda unauliza: mambo hayo ya urithi ni kitu gani? Mendel hakuwahi kuyaona. Leo tunajua kuwa ndani ya kila chembe hai, ya mmea, ya mnyama au ya mtu, mna uzi mrefu na mwembamba sana unaoitwa DNA. Uzi huo ni kama maandishi yenye herufi nne tu. Kipande chake chenye kazi fulani huitwa jeni.

Wewe unayesoma unajua nguvu ya herufi moja. Badili herufi ya kwanza ya neno panda, unaweza kupata ganda. Katika DNA ni vivyo hivyo. Mwaka 2010 wataalamu walionyesha kuwa njegere za maua meupe za aina aliyotumia Mendel zina badiliko la herufi moja katika jeni ya rangi. Mwaka 1990 ilikwisha kuonyeshwa kuwa njegere iliyokunjamana ina kipande cha ziada kilichoingia katikati ya jeni fulani. Jeni hiyo ikiharibika, wanga hupungua na sukari huzidi ndani ya mbegu. Mbegu hunyonya maji mengi, na ikikauka hukunjamana.

Mahali kama hapo, ambapo maandishi ya mmea mmoja hayafanani na ya mwingine, huitwa alama ya DNA. Fikiria mfugaji anayekata sikio la ndama alama ya ukoo. Ng'ombe wakichanganyika malishoni, alama huonyesha nani ni wa nani. Alama ya DNA hufanya kazi hiyo, ila haikukatwa na mtu. Mmea umezaliwa nayo.

Wataalamu huzitazamaje alama hizo? Huchukua kipande kidogo cha jani na kukisaga. Hutoa DNA kwa dawa maalumu. Kisha mashine hunakili sehemu wanayoitaka mara nyingi sana. Katika sehemu nyingine za uzi, herufi chache hurudiwarudiwa. Mmea mmoja unaweza kuzirudia mara 10 na mwingine mara 14. Kwa hiyo vipande vyao havilingani urefu. Vipande hutiwa katika kitu laini kama uji ulioganda, na umeme huvivuta. Kifupi hukimbia mbele na kirefu hubaki nyuma. Mwishowe huonekana mistari. Mimea yenye mistari inayofanana katika alama nyingi huwa ni ya ukoo wa karibu.

Tazama faida yake. Mendel alingoja msimu mzima ili ajue kama zambarau imeficha nyeupe. Siku hizi jani la mche mchanga hutoa jibu katika siku chache, kabla mmea haujatoa hata ua moja.

7. UA LA USAMBARA

Alama hizi zimefika hata kwenye ua la kwetu. Katika misitu ya Usambara, Tanzania, hukua mmea mdogo wenye majani yenye vinyweleo na maua ya zambarau. Hukaa kivulini kwenye miamba. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwao Ujerumani. Mwaka 1893 ukapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia, kutokana na jina lake. Leo hupandwa katika vyungu vidogo madirishani huko Ulaya na Marekani. Wafugaji wa maua wamepata maua ya waridi, meupe na ya rangi mbilimbili.

Zamani wataalamu waligawa mimea hiyo ya porini, ya Tanzania na Kenya, katika aina nyingi kwa kutazama majani. Katika miaka ya 1990 walisoma DNA yake. Waliona kuwa nyingi zilizodhaniwa kuwa mbali ni ndugu wa karibu sana. Waliona pia kuwa ua hilo limetoka katika ukoo mkubwa wa mimea uitwao Streptocarpus, na mwaka 2015 likaingizwa rasmi katika ukoo huo.

Kwa nini jambo hili ni la maana? Misitu ikikatwa, ua hilo hupoteza makazi yake. Kwa kutumia alama za DNA, wataalamu wanaweza kujua ni mlima gani wenye mimea isiyopatikana kwingine. Mimea hiyo ikifa, urithi wake umekwisha. Tabia iliyojificha inaweza kurudi, kama nyeupe ya njegere ilivyorudi. Lakini ukoo ukifa wote, hakuna pa kurudi kutoka.

8. TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu msomaji, Mendel alishindwa mtihani mara mbili, lakini hakuacha kujifunza. Hakukisia. Alihesabu. Hakutegemea kumbukumbu ya kichwa. Aliandika. Kama angesimulia tu, habari zake zingezikwa pamoja naye mwaka 1884. Kwa kuwa aliandika, watu ambao hakuwajua walisoma na kuendelea pale alipoachia.

Nawe una shamba, mifugo au bustani. Una daftari na kalamu. Andika mbegu uliyopanda, siku uliyoipanda na mavuno uliyopata. Baada ya miaka michache daftari hilo litakuonyesha mambo ambayo macho peke yake hayawezi kuyaona.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Theresia alimsaidiaje kaka yake? Kaka yake alilipaje wema huo?
2. Kwa nini Mendel alilifunika ua la njegere kwa mfuko?
3. Rangi nyeupe ilipotea kwa watoto, ikarudi kwa wajukuu. Eleza kwa nini.
4. Alama ya DNA inafananaje na alama ya sikio la ng'ombe? Inatofautianaje nayo?
5. Taja mbegu moja ya asili ambayo wazee wa kijiji chako walipanda na leo ni adimu. Mnaweza kufanya nini ili isipotee?